Rangi ya Majani Tumboni mwa Wadudu



Neno langu la leo laanzia shambani. Mahindi yakiisha kutoa majani machache, mara huja kiwavi. Tangu mwaka 2016, alipoonekana kwa mara ya kwanza katika bara letu yule kiwavi wa kutoka Marekani aitwaye kiwavijeshi vamizi, wakulima wa Afrika wamemjua vizuri kuliko walivyopenda kumjua. Asubuhi mtu akifunua moyo wa mche wa mahindi huona matundu, na ndani yake kinyesi kingi kama unga wa mbao uliolowa. Hasara ya jambo hili haihitaji mwalimu wa kuieleza. Lakini liko swali moja ambalo ni wachache waliuliza. Jani lile lililoliwa lilikuwa limejaa rangi ya kijani, ile ambayo watu wa Unguja huiita chanikiwiti. Je, kiwavi akiisha kulitafuna jani, rangi ile huenda wapi? Hugeuka nyama ya mwili wake? Huwa ndiyo rangi ya ngozi yake? Au hutoka kama ilivyoingia?

Jibu la haraka wanalolitoa watu wengi ni hili: kiwavi ni kijani kwa sababu chakula chake ni kijani. Jibu hili lapendeza, walakini si la kweli. Tazameni senene wa Bukoba na wa Uganda. Wote hula majani ya jamii ya nyasi, lakini wengine ni wa kijani na wengine ni wa rangi ya udongo, nao huokotwa katika kapu moja. Tazameni tena watoto wa nzige wa jangwani, yaani tunutu. Tunutu aliyekua peke yake mara nyingi huwa kijani. Ndugu yake aliyekua katika kundi kubwa huwa wa manjano mwenye mabaka meusi, hata kama wote wawili wamekula majani ya namna moja. Boris Uvarov, bingwa wa elimu ya nzige, ndiye aliyeandika mwaka 1921 kwamba nzige mmoja aweza kuwa na sura mbili, ya upweke na ya kundi. Basi, kama rangi ya mdudu ingekuwa ni rangi ya jani tu, tofauti hizi zingetoka wapi?

Mwaka 1893 Mwingereza mmoja, Edward Poulton, alifanya jaribio zuri. Alichukua viwavi wa nondo wa namna moja, akawagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza akawapa majani ya kijani, fungu la pili majani ya ndani ya kabichi yaliyo ya manjano, na fungu la tatu mishipa mieupe ya kabichi peke yake. Wale wa mafungu mawili ya kwanza walipata rangi yao ya kawaida. Wale waliolishwa mishipa mieupe hawakuipata. Poulton akaona ya kuwa rangi ya jani huingia mwilini, ikageuzwa kidogo, ikawa rangi ya kiwavi. Jaribio lake lilikuwa sahihi, ila maana yake ilikuwa haijatimia bado. Mwaka 1933 wataalamu wawili, Hans Przibram na Edgar Lederer, walionyesha kwamba kijani cha panzi ni mchanganyiko wa rangi mbili, ya buluu na ya manjano, kama vile mpaka rangi achanganyavyo makopo mawili akapata la tatu. Rangi ya manjano ndiyo itokayo katika majani, nayo ni jamaa ya ile iliyomo katika karoti na papai. Ile ya buluu mdudu huitengeneza mwenyewe ndani ya mwili wake. Ndiyo sababu viwavi waliokula majani ya manjano ya Poulton walipata rangi, ijapokuwa hawakula kijani. Waliokosa ni wale walioikosa manjano.

Basi kijani cha jani hakiendi kwenye ngozi ya mdudu. Wapo viwavi wachache wenye ngozi nyembamba sana, hata chakula kilichomo tumboni huonekana kwa nje, lakini hilo ni kama kuona chai ndani ya bilauri. Chai haijawa bilauri. Sasa turudi kwenye swali letu: rangi ile ya kijani huenda wapi?

Hatuwezi kujibu mpaka tujue ni kitu gani. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga rangi hiyo katika majani mwaka 1817, wakaipa jina la klorofili, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, kijani na jani. Watu hawa mnawajua kwa kazi yao nyingine, ijapokuwa pengine hamkuyajua majina yao: mwaka 1820 ndio waliotenga kwinini katika ganda la mti, dawa iliyowaponya wengi homa ya malaria. Baadaye Mjerumani Richard Willstätter akachunguza umbo la klorofili, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915. Ukitaka kuliwazia umbo hilo, fikiri tiara ambayo watoto huirusha wakati wa upepo. Ina kichwa, na ina mkia mrefu. Katikati ya kichwa hicho pana chembe moja ya madini ya magnesiamu. Ajabu ni kwamba rangi nyekundu ya damu yetu ina kichwa cha namna ile ile, ila katikati yake pana chuma. Rangi ya majani na rangi ya damu ni ndugu.

Kazi ya klorofili ni kukamata mwanga wa jua. Ndani ya jani imepangwa vizuri, na jirani zake wapo tayari kuupokea mwanga huo na kuutumia katika kutengeneza sukari ya mmea. Lakini ikitolewa mahali pake haisahau kazi yake. Huendelea kukamata mwanga, na hali hakuna wa kumpa. Ni kama mtu aliyeshika kaa la moto asione pa kuliweka. Mwanga ule huutupa mahali popote, na mara nyingi huutupa kwenye hewa ya oksijeni iliyo karibu. Oksijeni hiyo hugeuka kali, ikaunguza kila chembe ya mwili inayoigusa.

Jambo hili mwanafunzi aweza kuliona nusu yake kwa macho. Twanga majani mabichi ya mchicha, tia spiriti kidogo, kisha chuja kwa kitambaa safi katika chupa nyeupe. Mwalimu awepo, wala pasiwe na moto karibu, maana spiriti huwaka upesi. Maji yale yatakuwa ya kijani kizuri. Sasa yaweke juani mbele ya nguo nyeusi, uyatazame kwa ubavuni. Utaona yang'aa wekundu kama damu. Mskoti David Brewster aliyaona haya katika miaka ya 1830, akastaajabu. Wekundu huo ni mwanga ambao klorofili imeukamata na, kwa kukosa wa kumpa, inautupa nje.

Nusu ya pili, yaani hatari yake, wafugaji wa kondoo wa Afrika Kusini waliiona kwa uchungu. Kondoo wao waliokula mbigili walivimba vichwa, ngozi ikageuka manjano, na masikio na midomo ikaungua juani kama iliyomwagiwa maji ya moto. Makaburu waliuita ugonjwa huo kwa jina lenye maana ya kichwa kinene cha manjano. Mwaka 1933 Claude Rimington na Quin, waliofanya kazi katika nyumba ya uchunguzi wa magonjwa ya mifugo ya Onderstepoort, walieleza sababu. Kila siku, katika tumbo la mnyama mwenye kucheua, klorofili huvunjwa ikawa rangi nyingine. Ini zima huiondoa rangi hiyo pamoja na nyongo, nayo haileti madhara. Lakini ini likiharibiwa na sumu ya mmea, rangi ile hushindwa kutoka, ikaingia katika damu, ikafika kwenye ngozi. Na hapo jua huiwasha. Kile kichaka cha lantana chenye maua ya manjano na mekundu, kilichoenea sana katika nchi zetu, huharibu ini la ng'ombe kwa namna hiyo hiyo. Mfugaji akiona ng'ombe wake anaungua ngozi pale penye manyoya meupe, amweke kivulini, amtenge na kichaka hicho, kisha amwite bwana mifugo.

Sasa mwaona uzito wa swali letu. Ng'ombe ana ini kubwa, na bado yuko katika hatari. Kiwavi hana ini kama la ng'ombe, na maisha yake yote ni kula majani. Mbona haungui?

Kwa kulifahamu hili twende kwanza jikoni. Kila mama ajuaye kupika majani ya kunde anajua kwamba ukitia magadi kidogo, mboga hubaki na kijani kizuri. Ukitia ndimu au nyanya nyingi, hugeuka rangi ya udongo. Sababu ni hii: ukali wa ndimu huitoa ile chembe ya magnesiamu katikati ya kichwa cha klorofili, na kijani hufifia. Magadi huizuia magnesiamu isitoke, na katika moto huukata mkia wa tiara, ikabaki kichwa peke yake, cha kijani kilichokolea na chepesi kuyeyuka katika maji.

Tumbo la viwavi wengi ni tumbo la magadi. Maji ya tumbo letu ni makali kama ndimu, lakini maji ya tumbo la kiwavi ni kinyume chake, na katika baadhi yao hufikia nguvu ya maji ya magadi hasa. Tena, ndani ya jani lenyewe mna kitu cha namna ya chachu kiitwacho klorofilasi, ambacho kazi yake ni kuukata mkia wa klorofili. Jani likiwa zima, viwili hivyo havishughulikiani sana. Kiwavi akilitafuna, hukutana, na mkia hukatwa. Basi tumboni mwake hujaa vichwa visivyo na mikia, navyo hupenda kunata kwenye ukuta wa utumbo. Na vichwa hivyo vyote bado vyakamata mwanga.

Mwaka 2015 wachunguzi walitangaza jaribio walilolifanya kwa mmea mdogo wa jamaa ya kabichi. Waliufanya uwe na klorofilasi nyingi kuliko kawaida yake, kisha wakawapa viwavi majani yake. Viwavi hao walikua polepole, na waliokufa walikuwa wengi zaidi kuliko wale waliokula majani ya kawaida. Kwa hiyo wakasema ya kwamba huenda mmea umeiweka klorofilasi kuwa silaha: adui akitafuna, ndiye anayejichanganyia sumu yake mwenyewe.

Lakini kiwavi naye hakukaa bure. Anazo kinga zake. Ya kwanza ni haraka. Chakula hakikai tumboni mwake kwa siku kadha wa kadha kama kilivyo katika ng'ombe. Hupita kwa saa chache tu. Huchukua kilicho rahisi kuchukuliwa, kingine akakitupa. Ya pili ni ngozi nyembamba sana iliyomo ndani ya utumbo wake, kama ile ngozi ya ndani ya ganda la yai. Ngozi hiyo hukizunguka chakula, ikakitenga na nyama ya utumbo. Ya tatu ni protini maalumu zinazovishika vile vichwa vya klorofili, kama askari wamshikavyo mwizi mikono yote miwili. Na ya nne ni mlango wa kutokea: sehemu kubwa ya rangi yote hutoka katika kinyesi, nyingine ikiwa imekatwa mkia, nyingine ikiwa imetolewa magnesiamu. Ndiyo maana kinyesi kibichi cha kiwavi huwa cha kijani au cha kijani kilichochanganyika na rangi ya udongo. Wachina, ambao hufuga viwavi wa hariri kwa wingi, hawakiachi kinyesi hicho kipotee. Hukikusanya, wakakitoa klorofili kwa ajili ya viwanda. Rangi imeingia ikiwa klorofili, na imetoka ingali yafaa kuuzwa. Hamwoni kwamba huyo kiwavi hakuila?

Nimemtaja kiwavi wa hariri, nami napenda tukae naye kidogo, maana yeye amefanya jambo kubwa kuliko kujikinga. Chakula chake ni majani ya mforosadi. Yuko adui wake mkubwa, nao ni ugonjwa wa virusi unaovimbisha mwili wake, ngozi ikalegea na kupasuka, maji mazito kama maziwa yakatoka. Wafugaji wa hariri wamepata hasara nyingi kwa ugonjwa huo. Katika miaka ya 1960 Wajapani walitambua kwamba viwavi waliolishwa majani ya mforosadi waliustahimili ugonjwa kuliko wale waliolishwa chakula cha kutengenezwa. Walipochunguza maji ya tumbo la wale wa kwanza, waliona ndani yake protini inayong'aa wekundu inapopigwa na mwanga maalumu. Mmekwisha kuujua wekundu huo. Ni ule wa chupa yetu ya mchicha. Kichwa cha klorofili, baada ya kukatwa mkia, kilikuwa kimefungwa pamoja na protini ya kiwavi, na vitu hivyo viwili pamoja vikawa dawa ya kuviua virusi ndani ya utumbo kabla havijaingia katika nyama. Tena, ili dawa hiyo itengenezwe, mwanga wahitajiwa. Kiwavi huyu amelichukua kaa la moto lililotaka kumchoma, akalitia katika chetezo, akamfukizia adui. Wahenga walisema, dawa ya moto ni moto.

Huenda mtu mmoja akauliza: haya yote yana faida gani kwetu tusiofuga hariri? Faida mojawapo ni juu ya mbu. Wataalamu wa Misri na wa Ujerumani wamechukua klorofili iliyokatwa mkia, ikatengenezwa iyeyuke katika maji, wakaitia katika maji yenye viluwiluwi vya mbu. Viluwiluwi vikaila, ikawajaa tumboni. Walipowekwa gizani waliishi. Walipopigwa na jua, walikufa. Ngozi ya kiluwiluwi ni angavu, mwanga hupita mpaka ndani, naye hana kinga ya kiwavi wa hariri. Lakini nawaonya, mtu asidhani kwamba akitupa majani katika dimbwi atakuwa amewaua mbu. Majani yaozayo katika maji ni chakula cha mbu, si sumu yao. Dawa niliyoitaja hutengenezwa kwa kipimo, nayo haimwondolei mtu haja ya kulala katika chandarua wala ya kufukia madimbwi yaliyo karibu na nyumba.

Faida ya pili ni ya shamba. Tukijua kwamba jani nalo lina silaha, na kwamba kiwavi anazo kinga, twajua pia mahali pa kumtafutia udhaifu. Mdudu akinyimwa zile protini za kukamata, jani lenyewe laweza kupigana naye. Kazi hiyo ni ya wachunguzi, nayo haijakwisha. Kazi ya mkulima ni ile aijuayo: kulitembelea shamba mapema, kufunua moyo wa mche, na kutazama kinyesi. Kinyesi kibichi kinachong'aa kwa umaji ni alama kwamba kiwavi yungali ndani, aweza kukamatwa kwa mkono na kuuawa. Kinyesi kilichokauka chasema kwamba pengine amekwisha kuhama au kushuka ardhini kugeuka.

Nanyi wanafunzi, chukueni chupa zenu za mchicha, mtazame wekundu ule. Kisha mwulizeni mama jikoni habari za magadi na ndimu. Mkiisha kuyaona hayo mawili mtakuwa mmelifahamu tumbo la kiwavi kuliko wengi waliosoma vitabu vikubwa. Dunia hii imepakwa rangi ya kijani toka pwani hata milimani, na sisi tunaiona kuwa ni pambo na pumziko la macho. Kwa mdudu aishiye ndani yake ni chakula chenye moto, naye kila siku hukila kwa hadhari.

Haya ndiyo niliyokuwa nayo.